Kosa kwenye faili lililokwisha kusainiwa

Mtoto kapimwa uzito mlangoni pa kliniki: kilo 12. Anayeingiza namba kwenye kompyuta anabonyeza 21. Daktari anaiona 21, kipimo cha malaria kimerudi chanya, anaandika dawa mseto kwa uzito alioukuta: vidonge viwili kila dozi, dozi sita ndani ya siku tatu, jumla vidonge 12. Anasaini. Mfamasia dirishani analinganisha agizo na uzito ulio mbele yake, hesabu inakubali, anatoa dawa. Mwongozo unasema mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 apewe kidonge kimoja kila dozi. Viwili ni vya kilo 15 hadi chini ya 25. Jioni muuguzi anapitisha macho kwenye daftari la mizani na skrini kwa pamoja, anakutana na tofauti.

Kwanza apigiwe simu mama wa mtoto; faili litasubiri. Dozi ikishawekwa sawa ndipo watu wanarudi kwenye kompyuta, na wazo linalomjia kila mmoja ni lile lile: badilisha 21 iwe 12, yaishe.

Sasa lisome faili baada ya badiliko hilo. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa vidonge viwili. Daktari anaonekana hajui dozi. Mfamasia anaonekana kapitisha agizo bila kuangalia. Aliyekosea kubonyeza hayumo tena kwenye habari. Mkaguzi akipita miezi sita baadaye ataagiza madaktari wapewe semina ya dozi za malaria, wakati tatizo liko mezani pa mapokezi na litaendelea kuwepo pale pale. Namba imekuwa sahihi, na faili zima limekuwa la uongo.

Ugumu wote wa jambo hili umo humo. Faili la mgonjwa lina kazi mbili ambazo kwa kawaida hazigombani: linaeleza hali ya mgonjwa, na linaeleza waliomhudumia walikuwa wanajua nini walipofanya uamuzi. Kosa linapogundulika baada ya sahihi, kazi hizo zinavutana. Ya kwanza inataka 12. Ya pili inataka 21 ibaki ikionekana, kwa sababu 21 ndiyo iliyozaa vidonge viwili. Kanuni zote za kurekebisha kumbukumbu za tiba, ukizikuta zimeandikwa kwa lugha ngumu kiasi gani, zinajaribu kutimiza zote mbili kwa mpigo.

Kwenye karatasi hili lilikwisha kupata jibu zamani. Aliyepita chuo cha uuguzi anajua: chora mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, lisomeke chini ya mstari, andika lililo sahihi pembeni, weka tarehe na sahihi. Wino mweupe wa kufutia ni marufuku, na ukurasa hauchanwi. Kompyuta haikubadilisha kanuni hiyo hata chembe. Ilichofanya ni kuuhamisha ule mstari kutoka kwenye macho ya msomaji na kuupeleka nyuma ya skrini, na ndiyo maana watu wengi wanadhani haupo.

Sahihi ndiyo mpaka. Kabla ya kusaini, maandishi ni rasimu. Daktari anafuta, anaongeza, anapanga upya, wala hamna wa kumuuliza. Akishabonyeza kitufe cha kusaini anakuwa amesema kwamba haya ni yangu, nimeyasoma, na hivi ndivyo nilivyolielewa jambo hili saa hii. Kuanzia hapo mwingine anaweza kuyategemea: maabara, famasia, zamu ya usiku, hospitali ya rufaa, bima, na siku ikifika, mahakama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama inayopima ushahidi wa kielektroniki iangalie kumbukumbu hiyo ilitengenezwa na kuhifadhiwa vipi na uadilifu wake umelindwa namna gani. Kwa hiyo ukurasa unaoweza kubadilishwa bila kuacha alama haumsaidii hata daktari mwaminifu, kwani hana namna ya kuthibitisha kwamba hakuubadilisha.

Nyuma ya skrini

Mfumo mzuri wa kutolea mfano ni OpenMRS, programu ya kompyuta ya kutunza mafaili ya wagonjwa, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na kwa sababu ni mwenyeji wetu. Kazi ya kuuandika ilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, Kenya, kwenye mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wenye VVU. KenyaEMR, unaotumika kwenye vituo vya afya vya Kenya, umejengwa juu yake.

Ndani ya hifadhidata ya OpenMRS kila kipimo kina safu yake: nani kapimwa, nini kimepimwa, jibu gani, saa ngapi. Pembeni ya safu hiyo kuna vyumba vinne ambavyo mtumiaji wa kawaida havioni: kama safu imebatilishwa, nani aliibatilisha, lini, na kwa sababu gani. Ukiingia kurekebisha uzito wa yule mtoto, mfumo hauandiki 12 juu ya 21. Unaibatilisha safu yenye 21, unafungua safu mpya yenye 12, na safu mpya inabeba namba ya utambulisho ya ile ya zamani. Skrini inaonyesha 12. Anayehitaji kujua kilichotokea anaifuata namba na kuifikia 21, na jina la aliyeiondoa, na saa.

Chumba cha sababu ndicho kinachonihuzunisha. Kimewekwa kwa nia njema kabisa, na watu wanakijaza kwa neno moja: “kosa”. Kosa gani? La kubonyeza, la mizani, la mtoto kuchanganywa na mwenzake? Mfumo umefanya kazi yake yote halafu binadamu kauangusha kwenye mstari wa mwisho.

Wanaoandika kanuni wanatofautisha aina kadhaa za marekebisho, na tofauti hizo zina maana kuliko zinavyoonekana. Nyongeza ni pale maandishi ya mwanzo yalikuwa sawa ila yamepungukiwa, kwa mfano majibu ya maabara yaliyorudi baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Marekebisho ni pale kilichoandikwa si kweli na lazima kibadilishwe kwa kingine. Kubatilisha ni pale ambapo ingizo zima halikupaswa kuwemo. Na kuna ingizo la kuchelewa: tukio lilikuwepo, hakuna aliyeliandika, sasa mtu anaandika kutoka kichwani au kwenye kikaratasi alichokiweka mfukoni.

Hili la mwisho lina mtego wa kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Muuguzi ametoa sindano saa nane mchana, umeme ukakatika, anakuja kuingiza jioni. Akiandika 8:00, mashine inaelewa saa mbili asubuhi. Anayepokea zamu atahesabu kuanzia asubuhi na kuona dozi inayofuata imekwishapitiliza. Ingizo la kuchelewa linahitaji saa mbili tofauti, ya tukio na ya kuandika, na ya tukio iandikwe kwa namna ambayo haiwezi kusomwa kwa njia mbili: 14:00. Saa ya kuandika mtu asiiguse kabisa, aiachie seva.

Tarehe ambazo mashine haikusahau

Harold Shipman alikuwa daktari wa familia katika mji wa Hyde, jirani na Manchester, Uingereza. Tarehe 31 Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na pia kwa kughushi wosia wa mmoja wao. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Janet Smith ulihitimisha katika ripoti yake ya kwanza, mwaka 2002, kwamba waliouawa walikuwa 215.

Kilichomsaidia Shipman kwa miaka mingi ni kwamba vifo vyake vilikuwa na maelezo kwenye faili. Mgonjwa akifa ghafla, mtu akifungua kumbukumbu anakuta historia ya maumivu ya kifua yaliyoanza miezi kadhaa nyuma. Nani atashangaa? Polisi walipoichukua kompyuta ya kliniki, wakapata jambo la pili. Mfumo ulimruhusu daktari kuandika tarehe ya nyuma, na tarehe hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye skrini, ila chinichini ulikuwa unaweka tarehe na saa halisi ya kila ingizo. Maumivu ya “miezi iliyopita” yalikuwa yameingizwa siku ile ile ya kifo, baada ya kifo.

Kisa hicho kinasimuliwa kama habari ya muuaji. Kwa anayefanya kazi ya kumbukumbu kinafundisha jambo jingine: tarehe anayoandika mtu na tarehe inayowekwa na mashine ni vitu viwili, na mfumo ambao hautunzi cha pili haufai kutunza afya ya mtu. Vilevile kinaeleza kwa nini marekebisho yanayofanyika baada ya barua ya malalamiko kufika, au baada ya bima kukataa kulipa, yanatazamwa kwa jicho kali. Yanaweza kuwa ya haki kabisa, na mara nyingi ni ya haki. Saa yake tu ndiyo inayoleta maswali, na dawa ya maswali ni kuandika wazi: “Ninaongeza maelezo haya baada ya kupokea malalamiko ya tarehe fulani.” Anayeficha sababu ya kurudi kwenye faili anajichongea mwenyewe.

Kuna jambo linaloweza kuuharibu ulinzi huu wote bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Zamu ina kompyuta moja, foleni imefika nje, na wote wanatumia neno la siri la muuguzi kiongozi kwa sababu kutoka na kuingia upya kunachukua muda. Mfumo unatunza kwa uaminifu mkubwa kwamba Sista huyo mmoja alipima, akaagiza, akatoa, akarekebisha, hata siku aliyokuwa likizo. Siku ya maswali atajibu yeye peke yake. Sijui somo la TEHAMA ambalo lingestahili kufundishwa kabla ya hili.

Mgonjwa si yeye

Kati ya makosa yote, baya kuliko yote kulirekebisha ni kuandika ndani ya faili la mtu mwingine. Sababu zake kwetu ni za kawaida sana. Juma Hamisi wako wanne kwenye kata moja. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani, mapokezi wanaweka 1 Januari. Namba ya simu ni ya jirani. Karani anatafuta kwa jina, anachagua wa kwanza anayejitokeza, na daktari anamwandikia kisukari mtu ambaye hajawahi kuwa nacho.

Ugumu ni kwamba kosa moja linahitaji kazi kwenye mafaili mawili. Kwenye faili la Juma wa kwanza ingizo libatilishwe. Kwenye faili la Juma wa pili liandikwe upya, na daktari aliyemwona mgonjwa alitie sahihi tena huko, likionyesha tarehe ya huduma na tarehe ya kuhamishwa. Wengi wanaishia hatua ya kwanza. Matokeo yake Juma wa pili, mwenye kisukari chake halisi, anabaki na faili lisilosema kitu.

Halafu inakuja siri. Ile kanuni ya mstari mmoja unaosomeka chini yake inagonga mwamba hapa. Tuseme kilichoingizwa kimakosa ni jibu la kipimo cha VVU. Likiachwa lionekane kwenye faili la Juma wa kwanza, hata likiwa na alama ya kubatilishwa, yeye akiomba nakala ya kumbukumbu zake atapewa habari za mwenzake, pengine jirani yake. Likifutwa kabisa, hakuna atakayeeleza kwa nini Juma huyo alipigiwa simu wiki iliyopita na CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Njia inayokubalika ni kulificha ingizo lisionekane kwa watumiaji wa kawaida wala kwenye nakala za mgonjwa, kuliacha kwenye kumbukumbu za ndani zinazofunguliwa kwa ruhusa maalumu, na kuweka mahali pake sentensi isiyo na jina la mtu: ingizo la tarehe fulani halikuwa la mgonjwa huyu, limeondolewa, uamuzi wowote uliotokana nalo uangaliwe upya.

Gumu zaidi ni pale masijala walipoyaunganisha mafaili mawili wakidhani ni ya mtu mmoja. Kuunganisha ni suala la kubonyeza kitufe. Kutenganisha kunataka mtu mwenye uelewa wa tiba akae apitie ingizo moja moja, akiuliza hili ni la nani, na mengine hayana jibu.

Mafaili ya watu wasio wenyewe yapo hata kwenye hospitali zenye fedha. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa mashirika matatu ya afya nchini Marekani ambayo wagonjwa wao husoma maandishi ya madaktari mtandaoni. Waliokuwa wamesoma maandishi hayo na kujibu maswali kuhusu makosa walikuwa 22,889. Takriban mmoja kati ya watano alisema amekuta kosa, na kati ya hao kama asilimia 42 waliliona kuwa kubwa. Yalikuwemo magonjwa wasiyokuwa nayo, dawa wasizotumia, upande wa mwili uliokosewa, na maandishi yaliyomhusu mtu mwingine.

Nakala zilizokwisha kuondoka

Tuseme marekebisho yamefanyika vizuri kabisa ndani ya hospitali. Nje je? Barua ya rufaa iliyochapishwa jana ina kosa. Madai yamekwishatumwa bima. Mgonjwa ana kadi mkononi. Taarifa imekwenda kwenye mfumo mwingine ambao hauna habari kwamba chanzo kimebadilika. Na ndani ya faili lenyewe kuna kunakili na kubandika: daktari wa Jumanne alinakili maelezo ya Jumatatu, wa Jumatano akanakili ya Jumanne, kwa hiyo kosa lililorekebishwa kwenye maelezo ya Jumatatu linaendelea kuishi sehemu mbili, zote zikiwa na sahihi za watu tofauti. Kila mmoja lazima arekebishe lake. Hakuna anayeruhusiwa kugusa maandishi yaliyosainiwa na mwenzake.

Viwango vya kubadilishana taarifa vinajaribu kulisaidia hili. Katika FHIR, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya afya kupeana taarifa, matokeo ya kipimo hubeba hali yake, na hali hizo zimetenganishwa kwa makini: matokeo ya mwisho, matokeo yaliyobadilishwa baada ya kuwa ya mwisho, yaliyobadilishwa kwa sababu yalikuwa na kosa, na yaliyoingizwa kimakosa, yaani yasitumike kabisa. Mfumo unaopokea ukielewa lugha hiyo, unaweza kumshtua daktari wa upande wa pili. Usipoielewa, simu ya mezani ndiyo kiwango pekee kinachofanya kazi, na mtu aandike kwenye faili kwamba alipiga, saa ngapi, na aliongea na nani.

Maandishi ya kurekebisha yenyewe yasiwe marefu. Kwa yule mtoto yangetosha haya: “Uzito wa tarehe 4 uliingizwa kuwa kilo 21, daftari la mizani linaonyesha kilo 12. Kosa la kubadilisha tarakimu wakati wa kuingiza. Dawa mseto ilitolewa kwa uzito wa kilo 21. Mama amepigiwa simu saa 18:40, dozi imerekebishwa, famasia imearifiwa.” Anayesoma anajua nini kilikosewa, kipi kilifuata, na nani amearifiwa. Linganisha na lile linaloandikwa mara nyingi: “Uzito umerekebishwa.”

Mgonjwa akisema si kweli

Si kila anachokataa mgonjwa ni kosa. Daktari aliandika mwezi Machi kwamba anahisi ni vidonda vya tumbo, mwezi Juni kipimo kikaonyesha ni mawe ya nyongo. Ile kauli ya Machi iondolewe? Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza, inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, imeliweka wazi kwamba utambuzi uliokuja kuonekana si sahihi unaweza kubaki, kwa kuwa ni kumbukumbu ya kweli ya maoni ya tiba ya wakati ule, ili mradi faili lionyeshe pia kilichogundulika baadaye. Mimi naona wako sawa. Mgonjwa aliyezungushwa miezi mitatu na dawa za vidonda anahitaji ushahidi kwamba alizungushwa.

Makosa ya kweli ni jambo jingine, na sheria zinampa mgonjwa nguvu kuliko wengi wanavyojua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinataka ombi la kurekebisha lishughulikiwe ndani ya siku 14. Likikataliwa, mhusika aelezwe sababu kwa maandishi ndani ya siku saba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo nayo inatambua haki ya kuomba taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na ikaunda Tume ya kupokea malalamiko. Marekani kanuni za HIPAA, sheria yao ya kulinda taarifa za afya, zinatoa siku 60, zinazoweza kuongezwa mara moja kwa siku 30. Hospitali inaweza kukataa, kwa mfano ikiridhika kwamba kilichoandikwa ni sahihi na kamili, lakini mgonjwa ana haki ya kuandika tamko la kutokubaliana, na tamko hilo linaambatana na maandishi yanayobishaniwa kila yanapotolewa. Wakikubali, wanawajibika kuwaarifu wale ambao mgonjwa atawataja na wale wanaojulikana kuwa waliyategemea maandishi ya zamani.

Kwa anayekwenda dirishani na malalamiko ya namna hii, neno “futeni” humletea matatizo tu, kwa sababu karani atajibu, kwa haki, kwamba mfumo hauruhusu, na mazungumzo yataishia hapo. Aombe marekebisho kwa maandishi, ataje tarehe ya ingizo na sentensi yenyewe anayoipinga, aambatanishe ushahidi kama upo, mfano jibu la maabara au kadi ya kliniki, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na aombe vitu viwili zaidi: nakala ya ukurasa kama unavyosomeka baada ya marekebisho, na majina ya wote waliokwisha kutumiwa ule wa mwanzo.